Mtumbwi Usiooshwa

Unga wa mama ulifika Kibondo kwa basi la asubuhi, umefungwa kwenye sandarusi na kukazwa kwa kamba ya mgomba. Konda aliushusha huku amegeuza uso.

"Chukua mzigo wako, kaka. Tangu Kasulu tunasafiri na bwawa humu ndani."

Nilifungua kamba palepale stendi nikaingiza pua. Kuna watu wanaotazama picha wakitaka kukumbuka kwao. Mimi nanusa unga wa muhogo, na asiyeijua harufu ile asinifundishe kitu kuhusu manukato.

Nilikulia chini ya mji wa Kasulu, mahali ambapo kijito cha Nyakarambi kinapunguza mwendo kabla ya kuufuata Mto Ruchugi. Hapo bibi yangu, mzaa baba, alichimba bwawa la kulowekea mihogo, akalizungushia mawe, na alipofariki likawa la mama yangu, Odilia. Halikuwa kubwa. Ng'ombe angeweza kulivuka bila kulowa tumbo. Pembeni palikuwa na jiwe bapa lenye ukoga wa kijani, na jiwe hilo lilikuwa kiti changu tangu najua kukaa. Mama alimenya mihogo, akaitumbukiza, nami nilikaa juu ya jiwe nikisubiri ilegee, kana kwamba bila mimi isingelegea. Mtoto wa kwetu alikatazwa kukojoa mtoni kabla hajafundishwa kusalimia. Hiyo ndiyo sheria niliyoijua kwanza, na mpaka leo sijaona iliyoizidi.

Unga wa mama ulikuwa mweupe kuliko wa mtu yeyote pale sokoni. Wanunuzi hawakuuliza unga uko wapi, waliuliza Odilia yuko wapi.

Kisha mji ukakua. Mwaka 2012, mwaka ambao kambi ya Mtabila ilifungwa na Warundi wakarudi kwao, mitaa ya juu, kuzunguka stendi, ilianza kujaa nyumba za wageni, mabucha na vibanda vya kuoshea magari. Kila mwenye nyumba alichimba shimo lake, na kila shimo lilipojaa, mwenye nyumba alilitoboa ubavuni usiku wa mvua. Maji yalishuka kwenye mtaro yakiwa na rangi ya chai iliyolala, na povu juu yake, moja kwa moja hadi Nyakarambi. Mihogo ikaanza kutoka bwawani na madoa meusi. Mama aliinua kipande, akakinusa, akakirudisha majini polepole kama mtu anayelaza mtoto.

Sokoni walimtania. "Odilia, mihogo yako siku hizi imeolewa na choo?"

Mama alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Jioni moja, akiwa anapepeta unga ambao mwenyewe hakutaka kuutazama, alisema, "Kiangazi kijacho kikinikuta hivi, nalifukia bwawa. Nitahamia kwa mjomba wako kule Murungu nikalime maharage."

"Bwawa la bibi?"

"Bibi yako hakuniachia choo, Theonest."

Wakati ule nilikuwa fundi baiskeli karibu na soko. Wateja wangu niliwaandikia beti kwenye vipande vya mpira vya kuzuia matope, na hakuna aliyenifundisha vina wala mizani, niliviokota mwenyewe redioni na kwenye magazeti ya kufungia maandazi. Damu yangu ilikuwa inachemka haraka, na sikuona sababu ya kuipoza. Kesho yake niliacha gurudumu la mtu likining'inia nikaenda ofisi ya halmashauri kugombana.

Niliyemkuta ni Bwana Haidari, bwana afya, mtu wa pwani aliyehamishiwa kwetu na kofia yake ya kufuma.

"Nani anahusika na maji machafu hapa?" nikauliza.

"Kaa kwanza."

"Sikuja kukaa."

"Basi simama, ila simama pembeni kidogo, unanizibia mwanga."

Nilisema yote niliyokuja nayo. Alisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akauliza swali moja tu: bwawa lenyewe liko wapi. Siku iliyofuata alikuja. Alivua viatu, akakunja suruali, akaingia mtoni. Mama aliona aibu, akamwambia, "Toka, baba, maji yenyewe si ya kuingia mgeni."

"Mimi si mgeni wa maji haya," alisema Haidari. "Nimezaliwa nayo."

Akatusimulia. Kwao, mji ambao hakuutaja jina, kulikuwa na bomba lililomwaga maji taka ya mji wote ufukweni. Alipokuwa mtoto, walipiga mbizi pale wakaokota kome. Alipokuwa kijana, kome walikwisha, na watoto walioogelea wakawa wanatoka vipele. Alipoondoka kuja huku, watu walikuwa wamejenga nyumba zao zikiipa bahari kisogo. "Mtu anayeishi ufukweni, dirisha lake linatazama barabara," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini aliuinamia ule mto muda mrefu.

Kisha akachukua kijiti akachora kwenye tope. Nyakarambi, Ruchugi, Malagarasi, Ziwa Tanganyika. Nilidhani amemaliza, lakini kijiti kikaendelea. Kutoka ziwani mto mmoja unatokea upande wa Kongo, unakwenda kuungana na mto mkubwa wa huko, nao unavuka misitu mpaka bahari ya magharibi.

"Kumbe na sisi tuna bahari?" mama akauliza.

"Mnayo, mama. Ila iko upande wa pili wa Afrika."

"Na waliopo huko wanajua kwamba maji yetu yanafika kwao?"

"Hawajui."

Mama aliutazama ule mchoro. "Basi tunawatia aibu watu ambao hata hatujawasalimia."

Haidari alikuwa na dawa yake, na haikuwa ya mashine. Maji ya mtaro yatuame kwanza kwenye shimo ili uchafu mzito ubaki chini. Kisha yapite taratibu kwenye handaki pana lililojaa kokoto, na juu ya kokoto yapandwe matete yaleyale ya bondeni kwetu. Yakitoka upande wa pili yatakuwa yameacha uchafu wake njiani. Mabomba angeyapata, kulikuwa na ya plastiki yaliyobaki kambi ilipofungwa. Alichokosa ni mikono ya watu, na watu hawachimbi kitu wasichokielewa.

Mkutano ukaitishwa. Haidari aliniomba nitunge kitu cha kufungulia, nami nilitunga kwa siku nzima, nikasimama mbele ya mtaa nikaghani:

*Maji taka ya mjini, hayakomei bondeni,*
*Yashuka hadi ziwani, yaingie baharini,*
*Uchafu wa mlangoni, walisha samaki gani?*
*Ndugu zangu zindukeni, mkondo tuulindeni.*

Walipiga makofi, yale ya adabu. Mzee mmoja akauliza, "Bahari ipi, kijana? Mimi hata Kigoma nilifika mara moja, na nilikuwa naumwa."

Haidari akaeleza matete na kokoto. Watu wakatazama miguu yao. Ndipo akasimama Mama Esteri. Mama huyu alikuwa mkamuaji wa pombe ya ndizi, mwanamke mwenye sauti kubwa, anayejulikana na kila dereva wa lori aendaye Manyovu mpakani.

"Ninyi mbona mnajifanya hamjui?" alisema. "Mkikanyaga ndizi kwenye mtumbwi, mtobe, ile juisi tamu, unatoka na makapi, si ndiyo? Mnaupitisha wapi ili mnywe? Kwenye nyasi za ishinge. Makapi yanabaki, mtobe unashuka safi. Basi maji ya stendi ndiyo ndizi, na matete ya huyu baba ndiyo ishinge. Kuna nini cha kuwaza hapo?"

Uwanja mzima ukasema aah kwa pamoja. Kwetu mtumbwi si chombo cha kuvukia tu. Gogo hilohilo lililochongwa na kuchimbwa ndani ndimo ndizi zinamokanyagwa, na hakuna aliyekuwa pale ambaye hakuwahi kusimama ndani yake, au kusimama karibu akisubiri.

Haidari alishika kofia yake. "Mama, mimi mtu wa msikitini. Kazi yangu mnaifananisha na pombe?"

"Nimesema mtobe, baba. Mtobe hata shehe anakunywa. Ukiuacha mpaka kesho kutwa, hapo sasa ni wewe na Mungu wako."

Walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa na vina vya kati na vina vya mwisho, yeye alikuwa na ndizi, na ndizi zikashinda. Lakini siku ya kuchimba watu walijaa, na hilo sikuweza kulinunia.

Miezi ya mwanzo hapakuwa na mabadiliko. Maji yaliingia machafu yakatoka machafu, na waliocheka sana mkutanoni ndio waliokuwa wa kwanza kulalamika. Haidari alisema subirini. Matete yakarefuka, yakafunga handaki lote, yakawa yanavuma upepo ukipita. Kisha asubuhi moja mwaka 2014, mama aliniamsha nikamfuata mtoni. Alichota maji kwa kiganja akayaacha yapite kati ya vidole. Yalikuwa meupe. Wiki hiyo akaloweka mihogo kwa mara ya kwanza baada ya misimu miwili, na ilipolegea alimega kipande akanitia mdomoni kama zamani, ilhali nina ndevu. Kilikuwa kichachu, kitamu, kisicho na doa. Niliketi juu ya jiwe langu nikakitafuna taratibu.

Sasa linakuja lile ambalo huko Kongo baharini hawatalisikia, na ambalo lingeweza kutokea kwetu tu.

Wageni walikuwa waje kutoka mkoani kulitazama handaki. Wakiridhika, Haidari angepewa ruhusa ya kuchimba mengine. Siku chache kabla, alisafiri kwenda Kibondo kuangalia eneo. Nyuma yake, Mama Esteri aliwakusanya wanawake wa mtaa. Mgeni wa heshima anakuja, na kichujio kimetumika zaidi ya mwaka. Kwetu mgeni hapewi mtobe uliochujwa kwa ishinge ya jana. Ukifanya hivyo, utasimuliwa kwenye harusi mpaka wajukuu zako waone aibu.

Nikiwa kwenye kazi yangu nilisikia nyimbo kutoka bondeni. Nilipofika walikuwa wameshamaliza. Matete yote yaling'olewa na mizizi yake, yakatupwa mtoni yaende. Kokoto zilitolewa, zikasuguliwa kwa sabuni na majani ya msasa, zikarudishwa. Handaki lilikuwa linang'aa kama meno ya mtoto. Kandokando walikuwa wameweka mafungu ya matete machanga, tayari kwa kupandwa.

"Umeona?" Mama Esteri aliniambia, mikono kiunoni. "Nenda katunge sasa."

Nilijua kuna kitu kimeharibika, lakini sikujua kukitaja.

Haidari alifika alasiri, begi bado begani. Alikaa ukingoni mwa handaki, miguu ikining'inia.

"Nani amefanya hivi?"

"Sisi, baba," alisema Mama Esteri. "Wageni wasikute kichujio kichafu."

Haidari alivua kofia. Kisha akasema, "Ahsanteni."

Neno hilo liliniunguza kuliko kama angetukana. Nikamsogelea, naye akaniambia kwa sauti ya chini, "Ule utelezi mweusi kwenye mizizi na kwenye kokoto, Theonest, ndio uliokuwa unakula uchafu. Una uhai. Tulingoja miezi mingi ukue. Matete yalikuwa nyumba yake tu."

Mtaro haukuwa na habari na wageni wetu. Maji ya stendi yaliendelea kuingia, yakapita kwenye zile kokoto safi bila kusimama, yakatoka na povu lake kuelekea bondeni. Kuelekea kwa mama. Nikageuka.

"Mama Esteri. Mtumbwi wako unauosha kwa sabuni?"

"Mtumbwi upi?"

"Wa kukanyagia ndizi. Unauosha?"

"Mimi nina wazimu? Mtumbwi ule ni wa mama mkwe wangu, haujaonja sabuni tangu uchongwe."

"Kwa nini huuoshi? Wewe msafi namna hii, unawapa watu pombe kutoka kwenye gogo chafu?"

"Mwangalie mtoto wa Odilia anavyonitukana mbele za watu. Kile kilichoshika kwenye mti ndicho kinachochachua, mjinga wewe. Ukikitoa humo, ndizi zinakaa tu mpaka zioze. Hata mke mpya anajua kwamba mtumbwi hau..."

Alitazama handaki, akatazama kokoto, akatazama mikono yake iliyokuwa bado na sabuni.

"Yesu wangu," alisema polepole. "Kumbe hii si ishinge."

"Si ishinge."

"Ni mtumbwi."

"Ni mtumbwi, mama."

"Na mimi nimeuosha." Akamgeukia Haidari kwa hasira ya kweli. "Baba, mbona hukusema tangu mwanzo kwamba ni mtumbwi?"

"Mama," Haidari akasema, "mimi ningeyajulia wapi mambo ya mtumbwi wa pombe?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wote, na hata Haidari mabega yakamtikisika. Kilikuwa kicheko cha watu waliovunja chungu. Kilikatika ghafla, kwa sababu Mama Esteri alikuwa ameshaanza kuteremka mbio, khanga mkononi, akiyafuata yale matete.

Hayakwenda mbali. Tulikuta yote yamekwama kwenye mawe ya bwawa la bibi. Yalikuwa yamerundikana kama ng'ombe mlangoni mwa zizi, mizizi myeusi juu, na tope lake limetapakaa. Katikati ya tope hilo ilielea mihogo ya mama, ile aliyoichagua kwa ajili ya ugali wa wageni. Mama alikuwa amesimama ndani, maji yakimfika magotini. Hakuwa anafanya chochote.

"Odilia," alisema Mama Esteri, "nimekuharibia."

Haidari alichutama, akainua tete moja, akapitisha kidole kwenye mzizi. Ulikuwa bado unateleza. Akasema kwamba bado kuna uhai, ila yasikauke. Handakini hayawezi kurudi leo, kule kuna sabuni na maji makali. Yanahitaji mahali palipotulia, yakae mpaka mvua zianze, ndipo matete na tope lake vipandishwe tena juu. Hakusema ni mahali gani. Palikuwa na mahali pamoja tu. Watu wote walilitazama bwawa, kisha kila mmoja akatazama pengine.

"Yakikaa humu yatatoka lini?" mama akauliza.

Haidari angeweza kumdanganya. "Mengine tutayahamisha mvua zikinyesha. Yatakayoshika mizizi hayatatoka, mama. Matete yakishashika, pamekuwa pake."

Mama akainama. Akaanza kuokota mihogo yake kipande kimoja kimoja, akiitupa ukingoni. Nami nikaingia majini, si kwa kumsaidia, bali kumzuia.

"Mama, ndilo bwawa lenyewe tulilokuwa tunalipigania."

"Najua nilichokuwa napigania."

"Sasa?"

"Sasa shika upande ule. Mizizi inakauka."

Nikashika. Mama Esteri naye akaingia na nguo zake, na wanawake wengine nyuma yake, tukayasimamisha matete kwenye tope moja baada ya jingine. Jiwe langu bapa lilikuwa katikati. Nililipandia matete pande zote, na jua lilipoanza kuinama sikuliona tena.

Wageni walikuja wakakuta handaki tupu, wakaondoka na nyuso za watu waliopotezewa siku. Mvua za kwanza ziliponyesha, Mama Esteri alibeba tope jeusi la bwawani kichwani mwake, ndoo baada ya ndoo, hataki kusaidiwa, na kila mtu mpya aliyesogea handakini alimwambia, "Huu ni mtumbwi, usiguse na sabuni yako." Maji yakasafika tena. Mwaka uliofuata wageni walirudi, na safari hiyo walikaa hadi chai.

Bwawa la bibi sasa ni kichaka. Ndege wadogo wa njano wamening'iniza viota humo, na ukisimama ukingoni husikii mto, unasikia matete tu. Mama alichimba jingine chini yake, dogo, kwenye maji yanayotoka kwenye matete hayo. Hakuhamia Murungu. Haidari ndiye aliyehamishwa, kuja hapa Kibondo, akaniita nimfuate, kwa kuwa kuna mtaro mwingine hapa unaotafuta bahari, na watu wengine wa kuelezwa. Siku hizi naanza na ndizi. Shairi naliweka mwisho.

Leo nimepika ugali wa ule unga, Haidari akaja tukala pamoja. Alimega tonge, akalinusa kabla ya kulichovya.

"Mweupe," alisema.

"Mweupe."

"Lakini umenyamaza."

Nilinusa tena. Harufu ilikuwa ya kwetu, na ilikuwa safi. Chini yake nilitafuta ukoga wa lile jiwe, ule ubichi uliokuwa unasikika kwa mbali nyuma ya uchachu, nikaukosa.

"Huu ni wa bwawa jipya," nikamwambia.

Haidari alitikisa kichwa taratibu. Akasogeza bakuli la mboga upande wangu, tukaendelea kula.